Mita Yenye Kiu

Juni 9, Jumanne

Mvua za plamu, zile za mwanzo wa kiangazi, zimeingia. Hazina kishindo, zinaning'inia tu hewani, na ukuta wa jikoni umeanza kutoa jasho. Nimenunua kilo nne za plamu mbichi za kutia chumvi, kisha nikakaa mezani na kulifungua daftari la baba.

Nimelijua daftari hili tangu utotoni bila kulisoma. Ndani yake, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kwa kisu, baba yangu, fundi Kuwabara Teizo wa mtaa wa Kamata, aliandika habari za baadhi ya redio alizozitengeneza tangu 1953 hadi 1962: jina la mwenyewe, ugonjwa wa redio, na volti alizozikuta ndani yake baada ya kuiponya. Bi Iwakiri wa chumba cha historia cha wilaya analitaka kwa maonyesho ya mafundi wa zamani yatakayofunguliwa Julai 18, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja.

"Wa kuyaandika si mwingine ila wewe, Mwalimu," aliniambia kwa simu. "Wewe ndiye binti, tena ndiye mtaalamu wa hati."

Ni kweli. Kwa miaka thelathini na moja nilifundisha chuoni usomaji wa hati za kale, na kazi yangu ilikuwa kuiuliza kila karatasi swali moja: je, aliyekuandika aliyaona kwa macho yake haya aliyoyaandika? Sioni kwa nini karatasi ya baba iachwe bila kuulizwa. Redio yetu ya nyumbani imo katika ukurasa wa kumi na mbili, nami ninayo hadi leo. Majira ya baridi yaliyopita niliibadilishia kapasita zilizochoka, vile vipande vya kutunza umeme, kama tulivyofundishwa kwenye darasa la ufundi la wastaafu. Nitaipima, nilinganishe. Kinachonipungukia ni mita sahihi ya kupimia volti.

Juni 11, Alhamisi

Nimekwenda Akihabara, kwenye kichochoro cha vibanda vya vipuri vya umeme kilicho chini ya reli. Nilipoletwa hapa na baba nikiwa na miaka saba palikuwa na vibanda vingi hata nikapotea, nikapatikana nimekaa juu ya transfoma. Leo nimehesabu vibanda kumi na vinne vilivyo wazi. Harufu ni ileile: vumbi lililopashwa moto, na moshi wa risasi ya kuungia.

Mzee Numata huuza vyombo vya kupimia vilivyotumika. Ujanani alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mita. Sasa ana miaka sabini na minane. Kila chombo chake kina kadi aliyoiandika kwa brashi: *kizima*, *sijakijaribu*, au *mzoga*. Chini ya reli kuna adabu mbili ambazo hazikuandikwa popote. Mnunuzi haulizi kama mzoga unafanya kazi, na muuzaji haulizi kitu kinanunuliwa kwa ajili gani. Baba alinieleza sababu ya ile ya pili: baada ya vita watu walikuja hapa kununua vipande vya kutengenezea mambo ambayo hawakutaka kuulizwa.

"Nataka mita sahihi kuliko zote ulizo nazo," nilimwambia.

"Sahihi," alirudia taratibu, kama anayeonja neno hilo.

Bi Tokie, anayeuza vitufe na skrubu kibanda cha pili, alidakia. "Mpe basi, mzee! Ukipata mteja anayejua anachokitaka unababaika."

"Nyamaza, muuza skrubu."

"Skrubu zangu zinatoka. Mizoga yako inasubiri maziko."

Alinitolea mita ya tarakimu, ya mezani, yenye kadi ya *kizima*. Hakuniuzia mpaka aliponionyesha namna ya kuitazama. Kwanza vichwa vya skrubu: vikiwa vimeliwa, ujue imefunguliwa na mtu mwenye haraka. Kisha kunusa penye matundu ya hewa. Kisha kukizungusha kila kitufe mara ishirini, kwa sababu kinachoitwa ubovu mara nyingi ni uchafu tu. Mwisho waya.

"Watu huzika mita iliyo hai," alisema, "kumbe waya umekatika humo ndani ya mpira. Gusanisha ncha. Inasoma sifuri? Haya. Yako hiyo."

Nilimwambia nitaitumia vizuri. Alitazama pembeni, kana kwamba nimetaka kumvulia nguo.

Juni 12, Ijumaa

Mvua. Plamu zimelowekwa.

Juni 14, Jumapili

Nimeipima redio asubuhi yote, mkono wa kushoto nikiwa nimeutia mfukoni kama alivyofanya baba, ili umeme ukiniruka usipate njia ya kupita kifuani.

Penye mlango wa umeme mkubwa, baba aliandika 235. Mimi nimepata 238. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaingia ndani, kwenye vali ya kukuza sauti, kile kioo kidogo chenye moto wa rangi ya machungwa. Baba: 70. Mimi: 94. Kando yake, baba: 45. Mimi: 68. Nilizipima rezista, vile vipande vinavyobana umeme, hazikubadilika na umri. Nikarudia mara nne.

Palipo rahisi kupima, baba na mimi tunapatana. Palipo pagumu kufikika hatupatani hata kidogo. Umbo hili nimewahi kuliona. Makarani wa maghala ya mpunga niliowasoma miaka mingi walifanya vivyo hivyo: magunia ya mlangoni waliyahesabu, ya nyuma waliyakisia.

Juni 16, Jumanne

Nimefanya nilichowafundisha wanafunzi wangu wafanye kwa hati yoyote wanayoitilia shaka: nimehesabu tarakimu za mwisho. Daftari lina namba mia tatu na kumi na mbili. Kati ya hizo, mia mbili themanini na tisa zinaishia kwa sifuri au tano. Mtu anayepima kweli hukuta saba, hukuta tatu. Anayebuni hupenda namba zilizokaa vizuri.

Ningeletewa hati hii na mgeni, ningemjibu kwa barua ya mistari mitatu.

Juni 18, Alhamisi

Sikufanya kitu. Nilikula tofu baridi ya soya nimesimama.

Juni 20, Jumamosi

Nimetenda jambo la aibu. Nimerudi chini ya reli, mita imo ndani ya kitambaa, na kabla sijasalimia vizuri nikasema:

"Mzee Numata, mita yako inadanganya."

 Bi Tokie aliliweka chini koleo lake.  Mzee Numata aliipokea mita, akaifuta, akaipanga pamoja na nyingine tatu, akaziunga zote kwenye betri moja. Zote nne zikatoa namba ileile hadi tarakimu ya pili baada ya nukta.

"Kadi niliiandika mimi," alisema. "Nikiandika kizima, ni kizima."

"Mwalimu," Bi Tokie akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "huyu mzee ana miaka arobaini na mitatu hapa. Mkewe alimwita mchoyo, mimi namwita mchafu. Mwongo hajaitwa na mtu."

"Tokie, wacha."

Alinirudishia mita kwa mikono miwili na kuinama, akainama chini kuliko mimi, kama mtu anavyomwinamia mgeni, na hilo lilikuwa kofi tosha. Hata baada ya tusi lile hakuniuliza nilikuwa nikipima nini. Nadhani ni baridi ya moyo.

Nimeandika haya ili niyaone. Sikwenda kule kwa kuwa niliamini mita ni mbovu. Nilikwenda kwa kuwa nilitamani iwe mbovu.

Juni 23, Jumanne

Nimempigia simu dada Hisae huko Odawara. Ana miaka sitini na tisa, amenipita minane; mwaka ule wa 1962 alikuwa mtu mzima, mimi nilikuwa msichana wa shule niliyeambiwa tu kwamba baba ameacha ufundi. Nilimweleza kuhusu namba.

Akasema, "Kwa hiyo na wewe umefika huko."

"Kufika wapi, dada?"

"Kwani hukujua? Hivyo ndivyo walivyomkuta."

Akanisimulia, kwa sauti kavu ya mtu aliyeikariri habari peke yake kwa miaka mingi. Kampuni iliyokuwa ikimpa baba redio za wateja wake azitengeneze ilimtuma mkaguzi. Kijana, suti, na mita mpya ndani ya mkoba wa ngozi. Aliipima redio iliyokuwa mezani, mlango wa duka ukiwa wazi na majirani wamesimama. Alisoma namba moja moja kwa sauti. Kila akisoma, baba alitazama daftari, kisha alitazama sakafu. "Fundi," yule kijana alimwambia, "hizi umezitoa kichwani." Siku ya pili jina la baba lilifutwa kwenye orodha ya mafundi.

"Alijitetea vipi?"

"Hakujitetea! Ndilo nililokuwa nikilingoja. Mtu aliyesingiziwa hupiga kelele, Mitsue. Yeye aliandaa chai. Na wale wazazi wa yule kijana aliyeniposa, wakaulizia mtaani kama wanavyoulizia watu, wakarudisha zawadi. Sikumlilia yule mchumba. Hata sura yake nimeisahau. Nilimlilia baba aliyenyamaza."

"Labda alikuwa na sababu."

"Wewe una digrii, itafute. Mimi nimechoka nayo."

Juni 25, Alhamisi

Ukungu kwenye viatu ndani ya kabati. Baada ya ufundi, baba alikwenda kiwanda cha mikate kuangalia kipimajoto cha tanuri. Kila jioni alirudi ananukia chachu. Mama alicheka kwamba hata saa ya ukutani alikuwa akiigonga kwanza kwa ukucha, mara mbili, kama mita, ndipo aisome.

Je, mtu anayebuni namba huigonga saa?

Huo si ushahidi. Ni mapenzi.

Juni 28, Jumapili

Nimeandika rasimu ya barua kwa Bi Iwakiri: *Kwa kuwa vipimo vilivyomo havithibitiki, naona ni vyema daftari lisionyeshwe.* Nimeisoma mara tatu. Kila sentensi ni ya kweli na yote kwa pamoja siwezi kuiweka ndani ya bahasha.

Julai 1, Jumatano

Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Numata. Nilimbebea keki za maharage, naye akazipokea, akampa Bi Tokie nusu bila kumtazama. Mvua ilikuwa ikichuruzika kwenye nguzo za reli. Ningeweza kuondoka. Badala yake nimeivunja adabu.

"Mzee, niulize nilikuwa nikipima nini."

"Hatuulizi hapa."

"Najua. Niulize hivyo hivyo."

Alimtazama Bi Tokie. Bi Tokie akageuka kupanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, masikio yake yote mawili yakiwa kwetu.

"Haya," akasema. "Ulikuwa ukipima nini, Mwalimu?"

Nikamweleza: daftari, redio, mkaguzi, dada. Nilipotaja 70 na 94 aliinua mkono. Alichukua karatasi ya kufungia bidhaa, akachora kipande kidogo cha redio bila kuniuliza ni ya aina gani, akaandika namba za baba upande mmoja na zangu upande mwingine, kisha akaanza kugawanya na kuzidisha kwa kalamu ya risasi, midomo ikitembea.

"Mzee wako alikuwa na mita ya sindano," alisema hatimaye. "Ya bei nafuu. Elfu mbili kwa volti, ndivyo tulivyokuwa tukiziita. Kila fundi wa mtaani alikuwa nayo."

"Umejuaje?"

"Amekuandikia. Tazama." Akasukuma kikombe chake cha chai mbele yangu. "Mita inakunywa. Haiwezi kuonja bila kunywa. Hiyo yako ya tarakimu inalowesha ulimi tu. Ile ya zamani ilikuwa na kiu, inapiga funda. Sasa penye mlango wa umeme ni sawa na birika: piga funda lako, hakuna anayeona. Humo ndani, nyuma ya rezista kubwa, ni kikombe hiki. Ukipiga funda, kinachobaki ni kidogo, na ndicho unachokisoma. Pale mwenyewe alipokuta sabini, palikuwa na sabini. Sabini kwa sababu alikuwa amepagusa."

"Na mimi nimekuta tisini na nne."

"Kwa sababu hukupagusa. Nyote wawili mmesema kweli."

"Na yule mkaguzi?"

"Alikuja na mita mpya ya vali, haikunywa kitu. Kijana. Alifundishwa kusoma namba, hakufundishwa kusoma mita." Aliiweka kalamu chini. "Kiwandani tulikuwa nao wengi wa hivyo. Siwezi kukuapia kwamba mimi mwenyewe sikuwa mmoja wao."

Bi Tokie alishindwa kujizuia. "Mwezi mzima umemwacha mtoto wa watu anateseka, wakati una jibu kwenye kikombe cha chai!"

"Aliomba mita sahihi. Sikumuuliza ya nini."

"Adabu zako hizo zitakuja kumuua mtu."

 Mzee Numata alikuwa akikitazama kile kikombe.

Nimemwuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: kama jibu ni rahisi hivi, kwa nini baba hakulisema? "Huenda hakulijua," akajibu. "Sisi tulifundishwa kiwandani. Fundi wa mtaani nani angemfundisha? Alikuwa na mita moja maisha yake yote. Mwenye mita moja hajui kuwa inakunywa."

Nimerudi nyumbani na wazo ambalo sikulitarajia. Kama alijua na akanyamaza, alikuwa na kiburi kisichosemeka. Kama hakujua, basi tangu siku ile aliishi akiutilia shaka mkono wake mwenyewe. Sijui lipi ni zito zaidi.

Julai 4, Jumamosi

Hesabu ya mtu mwingine si ushahidi, hata ikiwa nzuri. Nimerudi kutafuta mita ya aina ile. Ipo moja tu, rafu ya chini, kadi ya *mzoga*. Mzee Numata alisimama kando yangu, nami sikuuliza.

Sindano ilikuwa imelala pembeni. Niliigeuza mita kichwa chini: ikajikokota kidogo. Niliziunganisha ncha zake mbili kwa kipande cha waya, nikaitikisa: sindano ikaenda kwa uvivu, kama iliyotiwa kwenye asali. Nikauondoa waya, nikaitikisa tena: ikarukaruka. Basi koili inayoisogeza sindano ilikuwa nzima. Nilinusa. Betri ilikuwa imevuja na kula shaba, lakini betri ni ya kupimia rezista, volti haziihitaji.

"Naichukua," nilisema.

"Ni mzoga," akasema Mzee Numata.

"Watu huzika mita iliyo hai."

Bi Tokie akapiga makofi. "Umepatikana, mzee!"

Yeye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Juni 20.

Julai 5, Jumapili

Nimeisugua shaba iliyoliwa. Rezista moja imeungua, nimeibadilisha. Mikono yangu si ya baba, na chuma cha kuungia kimeniachia alama kwenye kidole gumba.

Julai 7, Jumanne

Watoto wa jirani wamefunga karatasi za maombi kwenye mwanzi kwa sikukuu ya nyota, na mvua imeshafuta wino.

Nimepima. Penye mlango wa umeme: 235. Kisha nikaitia ncha kwenye vali ya kukuza sauti. Sindano ilipanda taratibu, ikatetemeka, ikasimama mahali fulani kati ya mstari wa 70 na wa 75, karibu zaidi na 70. Nilikaa nikiitazama. Kisha kando yake: 45, juu ya mstari wenyewe.

Ndipo nikaiona na mistari. Kwenye uso wa mita hii mistari imepangwa tano tano. Penye volti kubwa, saba na tatu hazina pa kusimama. Zile tarakimu mia mbili themanini na tisa ambazo nilizihesabu kwa kiburi cha kitaaluma zilikuwa ni uso wa mita, si uso wa mwongo. Nimewafundisha watu miaka thelathini na moja wajiulize nani aliandika. Sikuwahi kuwafundisha wajiulize alikuwa ameshika nini mkononi.

Rasimu ya barua nimeichana.

Julai 9, Alhamisi

Ningependa kuishia pale. Lakini katika majarida ya zamani nimepata michoro ya viwanda ya redio ishirini zilizomo daftarini, na leo nimezipitisha zote kwenye hesabu ya Mzee Numata, moja baada ya nyingine. Kumi na tisa zinapatana na mita yenye kiu, redio yetu ikiwa mojawapo.

Ya ishirini haipatani. Ukurasa wa arobaini na moja, Februari 18, 1962. Namba zote tisa ni zilezile zilizochapishwa na kiwanda kwenye mchoro, bila tofauti ya hata volti moja: 247, 112, 83. Miaka ile umeme wa Kamata ulishuka kila jioni taa za mtaa zilipowashwa. Hakuna redio iliyoweza kuonyesha namba za kiwandani zikiwa kamili. Na mita yake isingeweza hata kuisoma 83. Ukurasa huu hakuupima. Aliunakili.

Nilipohesabu tarakimu mwezi uliopita, huu ni mmoja wa kurasa chache nilizoziona za kweli.

Sasa sijui tena. Mara moja ni mara moja tu? Ninayo michoro ya redio ishirini, daftari lina sitini na mbili. Na dada nitamwambia nini? Naweza kumwonyesha kurasa kumi na tisa na kuufunika mmoja. Amengoja miaka arobaini na saba, nani angenilaumu?

Julai 11, Jumamosi

Dada Hisae amefika kwa treni ya asubuhi, na samaki wa kukausha kutoka Odawara, na mwavuli uliovunjika ubavu. Nilimweleza habari ya kiu. Alisikiliza amekunja mikono.

"Maneno hayo," akasema. "Nionyeshe."

Nilimpa ncha. Hajawahi kuigusa redio ile ikiwa wazi. Alipokuwa msichana alikuwa akiipitia mbali. Nilimwambia atie mkono wa kushoto mfukoni. Kimono hakina mfuko, akauficha nyuma ya mkanda. Aligusa pale nilipomwelekeza, na sindano ikapanda.

"Sabini," akasema. "Sabini na kidogo."

"Tazama daftari."

Alitazama. Kisha akatazama sindano tena, ikiwa bado imesimama pale pale, kana kwamba imemngoja.

"Kumbe alipima," alisema. Akaiweka ncha mezani: "Mjinga yule. Angesema tu, 'Nimepima, na wewe pima kwa yangu.' Maneno sita."

"Huenda hakujua, dada."

"Huenda! Ndiyo maana nasema mjinga." Alikuwa akilia, na hakutaka nimwone, nami nikaenda kuchemsha maji ambayo hatukuyahitaji.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza kuhusu ukurasa wa arobaini na moja. Niliporudi na birika nikakuta siwezi. Nyumba yetu imeshaona matokeo ya kunyamaza. Nilimfungulia, nikamweleza namba tisa na mchoro wa kiwanda, nikangoja ule mdomo wake ukaze kama unavyokaza.

Alisoma tarehe.

"Februari kumi na nane," akasema. "Jumapili. Siku hiyo ndiyo waliyokuja wazazi wa yule mchumba kunitazama."

"Una hakika?"

"Nilivaa kimono cha mama na viatu vilivyonibana, utaniuliza hakika? Baba aliwakaribisha pombe ya sake tangu adhuhuri. Wao wakamkaribisha yeye. Akaimba, Mitsue! Huyo baba yetu asiyejua wimbo hata mmoja, aliimba mpaka muuza tofu akasimama mlangoni. Na jioni akakumbuka kuwa kuna redio ya mtu ya kurudishwa kesho yake." Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Tazama mwandiko unavyopanda mlima."

Nilitazama. Nimesoma maandishi ya watu waliokufa maisha yangu yote, na sikuwa nimeuona mlima huo.

"Nisiliandike hili kwenye maelezo?" nikamwuliza.

"Liandike. Ukilificha, watu watasema na yale mengine tumeyapaka rangi. Na watakuwa na haki."

Julai 14, Jumanne

Jua. Dada bado yupo; amesema anangoja mwavuli ukarabatiwe, na mwavuli haujapelekwa kwa fundi.

Nimemaliza maelezo. Nimeandika kwamba kwa kadiri nilivyoweza kuchunguza, vipimo vilichukuliwa kweli, kwa mita ya aina fulani, na kwamba asiyeijua mita hiyo ataviona vya uongo, kama mkaguzi mmoja alivyoviona mwaka 1962 na kama mimi nilivyoviona mwezi uliopita. Nimeandika kwamba kurasa arobaini na mbili sikuweza kuzihakiki. Nimeandika kuhusu ukurasa wa arobaini na moja. Dada ameyasoma na kufuta neno "bahati mbaya" mahali pawili.

Julai 16, Alhamisi

Tumelipeleka daftari sisi wawili. Bi Iwakiri alikuwa amevaa glavu nyeupe na ameshayasoma maelezo. Alituonyesha kabati la kioo, dogo kuliko nilivyodhani, lenye kibao kimoja cha mteremko.

"Litalala hapa hadi mwisho wa Septemba," alisema. "Tatizo ni kwamba linaweza kufunguliwa ukurasa mmoja tu. Mngependa upi?"

"Wa kumi na mbili," nilisema. Nilikuwa nimeshalifikiria. Ndio ukurasa wa redio yetu, ndio tuliouhakiki kwa sindano yenyewe.

"Wa arobaini na moja," alisema dada.

Bi Iwakiri aliacha kufungua. "Samahani, mama. Huo si ndio ule ambao..."

"Ndio huo."

"Dada," nikasema, "watu watapita hapa miezi miwili na nusu, wataona ukurasa mmoja wa maisha yake, na uwe huo?"

"Wa kumi na mbili aliuandika akiwa kazini. Kazi yake tumeshaijua, umeithibitisha, ahsante. Mimi nataka nikija hapa nimwone siku ile." Hakuinua sauti. "Nimemkasirikia miaka arobaini na saba, nikasahau kwamba kuna siku aliimba kwa ajili yangu."

Nilitafuta hoja. Zilikuwepo, tena nzuri. Nikaziacha.

Bi Iwakiri alilifungua daftari taratibu, akalilaza, akabana kona kwa vibanio viwili vya uwazi. Kisha akatoa kadi ndogo nyeupe na kalamu, akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu. Alihitaji sentensi ya kuweka chini ya ukurasa, alisema, ili mgeni asiyesoma maelezo marefu asipotoshwe na namba zile.

Mimi ndiye mwenye taaluma hiyo, na nilikuwa bado nikiipanga sentensi kichwani, pamoja na masharti yake, dada alipokwisha kusema:

"Andika: *Siku hii fundi hakupima. Alikuwa na wageni.*"